Weupe wa Shati: Nguo na Daraja la Mtu Katika Ufaransa ya Karne ya 18

Mkesha wa Krismasi mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1750, mwizi alivunja mlango wa chumba cha darini katika nyumba moja mjini Paris. Humo zilikuwa zimeanikwa nguo za mpangaji, zimetoka kufuliwa. Mpangaji mwenyewe, mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, alikuwa amekwenda kusikiliza muziki. Thérèse Levasseur aliyeishi naye alikuwa na mama yake kanisani kwenye sala ya jioni. Mwizi hakubakiza kitu. Miongoni mwa alivyobeba yalikuwamo mashati 42 ya kitani safi sana.

Mashati 42, ya mtu aliyeamua kujipatia riziki kwa kunakili nota za muziki! Na alikuwa ameshatangaza kwamba ameachana na makuu. Alikuwa ameondoa nakshi za dhahabu kwenye nguo zake, ameacha soksi nyeupe, ameweka upanga chini, ameuza na saa. Hayo yote aliyaweza. Mashati hayakumtoka moyoni, na mwenyewe aliandika baadaye kwamba wizi ule ndio uliomponya mapenzi ya mashati mazuri. Tangu hapo akawa anavaa ya kawaida tu.

Nimesoma mengi kuhusu mavazi ya Ufaransa ya karne ya 18, na kwangu kisa hiki kinaeleza zaidi kuliko habari zote za malkia Marie-Antoinette na minara ya nywele zake. Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiingia dukani, jicho langu linaanzia kwenye kola na ncha za mikono kabla sijamtazama usoni. Watu wa Paris ya wakati ule walitazamana hivyohivyo. Shati lilikuwa nguo ya ndani, refu, linalogusa mwili usiku na mchana. Juu yake mwanamume alivaa kizibao na koti, mwanamke akavaa mwili mgumu wa gauni uliokazwa kwa kamba. Kilichobaki kuonekana ni shingoni na kwenye viwiko vya mikono, kipande kidogo tu cha kitambaa. Kipande hicho ndicho kilichosema wewe ni nani.

Sababu yake ni hii. Kwa vizazi vingi waganga wa Ulaya waliwaonya watu kwamba maji ya moto yanafungua vinyweleo na kuingiza maradhi. Usafi ukawa ni kubadilisha shati: kitani kinanyonya jasho na uchafu, ukikivua umejisafisha. Hata pale matajiri walipoanza kurudia kuoga katikati ya karne ile, desturi ya kumpima mtu kwa weupe wa shati ilibaki palepale. Sasa fikiria hesabu yake. Mwenye mashati mawili anavaa moja huku jingine limeloweka, na baada ya siku chache kola imeshaingia rangi ya shingo. Mwenye mashati 42 anabadilisha kila siku, tena anaweza kukaa zaidi ya mwezi bila kuita dobi.

Na kufua kwenyewe! Waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake, maelfu yao, kwenye kingo za mto Seine na ndani ya mashua zilizotiwa nanga kwa ajili ya kufulia. Kitani kilipangwa ndani ya pipa kubwa, juu kikawekwa kitambaa chenye majivu ya kuni, kisha maji ya moto yakamwagwa yapite taratibu kwenye majivu hayo, yakingwe chini, yapashwe tena, yamwagwe tena, saa baada ya saa. Halafu ni mtoni, kusugua na kupiga kwa ubao, kiangazi na wakati wa baridi kali. Mwisho kidogo cha rangi ya buluu ili umanjano usionekane, wanga, na pasi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ule weupe uliokuwa ukimeremeta chini ya kidevu cha bwana mkubwa ulikuwa ni mikono ya mwanamke iliyoliwa na magadi. Naona hapo ndipo penye jambo lenyewe kuhusu nguo na madaraja ya watu katika nchi ile: daraja lilisomeka katika kazi ambayo wengine wameifanya kwa ajili yako.

Hata malkia alitawaliwa na shati. Madame Campan, mmoja wa wanawake waliomhudumia Marie-Antoinette, ameacha kumbukumbu ya asubuhi moja ya baridi katika ikulu ya Versailles. Malkia amevua, anasubiri kuvishwa. Campan analo shati mkononi, limeshakunjuliwa. Anaingia bibi mwenye cheo zaidi yake, anavua glavu haraka, analipokea, kwa sababu heshima ya kumvisha malkia ni ya mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliomo chumbani. Mlango unagongwa: Bibi wa Orléans, mke wa mwanamfalme. Shati linarudi kwa Campan, linakabidhiwa kwa taratibu kwa huyu mpya. Mlango tena: Bibi wa Provence, shemeji wa mfalme, mkubwa kuliko hao wote. Shati linazunguka upya. Malkia muda wote huo amekumbatia kifua kwa mikono, anatetemeka. Bibi wa Provence alipomwona hivyo aliacha glavu zake mkononi, akamvisha haraka, na katika haraka ile akamvuruga nywele. Malkia akacheka kuficha hasira, lakini Campan alimsikia akinung'unika kwamba ni usumbufu wa kuchukiza.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa kama kichekesho. Mimi sikioni hivyo. Wanawake watano wamesimama chumbani, mmoja hana nguo, na hakuna anayeweza kumsitiri mwenzake kabla hajajulikana nani ni mkubwa wa nani.

Zamani za nyuma mambo hayo yaliwekwa na sheria. Tangu mwaka 1294, enzi za Philippe wa Nne, wafalme wa Ufaransa walitoa amri moja baada ya nyingine kuhusu nani avae nini: manyoya ya aina gani, hariri, zari, lesi, nakshi za fedha na dhahabu, gauni ngapi kwa mwaka. Amri zilirudiwa mara nyingi, na sheria inayorudiwa vizazi na vizazi ni sheria isiyofuatwa. Wafalme nao hawakusukumwa na heshima ya makabaila peke yake. Hariri na zari zilitoka Italia, na fedha ya nchi ilikuwa ikitokomea huko. Amri za mwisho za namna hiyo zilitoka karibu na mwaka 1720. Baada ya hapo aliyekuwa na fedha alivaa alichokitaka, na hakuna askari aliyemgusa kwa kuvaa hariri.

Basi makabaila waliwezaje kuendelea kuonekana makabaila? Kwa bei, kwanza. Wanahistoria wamepekua orodha za mirathi za Paris, zile ambazo wathibitishaji waliziandika mtu akifa, chumba kwa chumba, shati kwa shati. Karibu na mwaka 1700 nguo za nyumba ya kabaila zilikadiriwa kuwa na thamani ya livre (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) 1,800 hivi kwa wastani; za kibarua wa kawaida livre 42. Ukifika 1789, za kabaila zimepanda mpaka kama 6,000, za kibarua kama 115. Angalia vizuri hapo. Maskini naye alinunua, kabati lake liliongezeka zaidi ya mara mbili, rangi zikachangamka na pamba ikaingia mahali pa sufu nzito ya kahawia. Lakini aliye juu alizidi kupaa. Malkia kwa upande wake alitengewa livre 120,000 kwa mwaka za mavazi, na mwaka 1785 alitumia zaidi ya 258,000.

Siku hizi makumbusho makubwa ya Paris, London na New York yameweka mtandaoni picha za nguo hizo, na unaweza kuzivuta karibu mpaka ukahesabu nyuzi. Nimekaa nazo usiku mwingi baada ya kufunga duka. Koti la kiume la ikulu, la miaka ya 1780, halikushonwa kwanza likatiwa nakshi baadaye. Fundi wa nakshi alipokea jora la hariri likiwa bapa, akachora juu yake umbo la vipande vya koti, akadarizi maua ya uzi wa hariri kufuata kingo, mfuko, kola, mpaka vifungo: vile viduara vidogo vilidariziwa palepale kwenye kitambaa ili baadaye vikatwe na kufunikia vishikizo vya mbao. Mteja alichagua kipande kilichokwisha nakshiwa, kisha ndipo fundi wa kushona akaitwa kukikata kwa kipimo cha mwili wake.

Kinachonisisimua zaidi ni magauni ya wanawake. Ukitazama ndani, mishono mirefu ya upande imeshonwa kwa hatua pana, kama mtu anayepiga bandi. Fundi wa leo angesema ni uzembe. Ukweli ni kwamba hariri ya mji wa Lyon ilikuwa ghali mno na kazi ya mshonaji rahisi mno. Mshono ulifanywa ili ufumuke kwa urahisi, kitambaa kigeuzwe, kishonwe upya kwa mtindo wa mwaka unaofuata, au kikatwe gauni la binti. Katika baadhi ya magauni yale unaona kabisa mistari ya matundu ya sindano mahali ambapo hapana mshono: ni kumbukumbu ya gauni lililokuwapo kabla ya hili. Wanawake washonaji wa Paris walipata chama chao cha ufundi mwaka 1675, haki ya kuwashonea wanawake wenzao bila kupitia kwa mafundi wanaume. Hata hivyo fedha iliyobaki mkononi mwao ilikuwa kidogo ukilinganisha na aliyeuza jora, na hilo mafundi wengi hata leo tunalielewa bila kuelezwa.

Gauni likichoka kwa bibi, safari yake haikuishia hapo. Mjakazi alilirithi, kwa desturi iliyohesabiwa kuwa sehemu ya ujira wake. Hata mavazi ya malkia yaliyoondolewa kabatini yaligawiwa kwa wanawake waliomhudumia, nao wakauza. Kutoka kwa mjakazi liliingia kwa wachuuzi wa nguo kuukuu, wale waliojaa chini ya nguzo za soko la Les Halles. Huko ndiko wengi wa Paris walikovalia. Mwandishi Louis-Sébastien Mercier ameeleza soko la kila Jumatatu kwenye uwanja wa Grève, ambako wake za watu wadogo walipekua marundo ya gauni na shumizi za watu wasiowajua, wakazijaribu palepale mbele za watu, wakabishana bei. Aliyewahi kuinama kwenye rundo la mitumba Karume au Gikomba asubuhi belo linapofunguliwa anaijua hali hiyo: jicho kali, mkono mwepesi, na ile furaha ya kuibuka na kitu ambacho dukani usingekigusa.

Mitumba ile ndiyo iliyovuruga hesabu ya madaraja. Kijakazi akitoka Jumapili na gauni la hariri la bibi yake, nani atamjua? Mtumishi wa kiume wa nyumba kubwa alivaa sare yenye mikanda ya nakshi kwa rangi za ukoo wa bwana wake, akang'aa kuliko mfanyabiashara tajiri aliyevaa sufu nyeusi ya heshima. Watu wenye kupenda mpangilio walilalamika mno kwamba mji umekuwa hausomeki. Wizi wa nguo ulikuwa miongoni mwa makosa ya kawaida kabisa mjini Paris, na si ajabu: shati lililoibwa asubuhi lingeweza kuwa mwilini mwa mtu mwingine kabla ya jua kuzama. Yale 42 ya Rousseau bila shaka yalimalizikia kwenye vifua vya watu waliotaka angalau Jumapili moja nyeupe.

Hata jumba la Versailles lenyewe lilikuwa wazi kwa kiasi kinachoshangaza. Mwanamume aliyetaka kuingia kumtazama mfalme akipita alitakiwa awe amevaa kwa heshima, awe na kofia na upanga kiunoni kama muungwana. Kama hana? Alikodi mlangoni. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini upanga wa kukodi ulifungua malango ya ikulu ya mfalme mkubwa kuliko wote Ulaya. Mwingereza Arthur Young, aliyepita huko mwaka 1787, aliandika kwa mshangao kwamba aliona watu waliovaa matambara wakizurura ndani, mpaka chumba cha kulala cha mfalme, bila kuulizwa.

Kwa hiyo ngome ya mwisho ikawa mwili wenyewe. Nguo unaweza kununua, kukodi, kurithi au kuiba. Namna ya kuibeba huipati sokoni. Mwanamke aliyepelekwa kutambulishwa ikulu ilibidi ukoo wake uthibitishe ukabaila wa tangu mwaka 1400, kisha ajifunze kwa mwalimu wa dansi jinsi ya kuvaa gauni rasmi la ikulu: fremu pana kiunoni iliyomlazimu kupita mlangoni ubavu, mwili mgumu usioruhusu kuinama, na mkia mrefu wa kitambaa nyuma. Alipiga magoti kwa adabu mara tatu akienda mbele, kisha akarudi kinyumenyume, kwa sababu malkia hapewi mgongo, huku akiusukuma mkia wake kwa pigo dogo la kisigino asije akajikwaa. Wanaume waliopokelewa ikulu walivaa viatu vya visigino vyekundu, desturi iliyobaki tangu enzi za Louis wa Kumi na Nne. Watoto wa makabaila walifungwa nguo ngumu tangu wadogo ili mgongo uzoee. Mtu aliyezaliwa akifua, akilima au akibeba mizigo hawezi kuuiga mgongo huo hata ukimvika hariri ya dhahabu.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wa pwani. Tangu 1686 mpaka 1759, chiti kutoka India, zile pamba zilizopigwa chapa za maua, zilipigwa marufuku Ufaransa ili kuwalinda wafumaji wa hariri na sufu. Zilipita kimagendo vilevile. Wauzaji waliadhibiwa vikali, wanawake wa hali ya chini walitozwa faini kwa kuonekana nazo mlangoni mwao, na mabibi wa ikulu wakazivaa majumbani bila woga. Vitambaa vya India, hasa vya Gujarat, ndivyo vilivyokuwa vikiletwa na majahazi Mombasa, Kilwa na Unguja, na huku navyo vilipambanua mtu na mtu. Marufuku ilipoondolewa, Christophe-Philippe Oberkampf alifungua kiwanda chake Jouy-en-Josas mwaka 1760, na chiti ikawa nguo ya kila mtu.

Nyuma ya chiti ikaja melimeli. Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha picha ya Marie-Antoinette amevaa gauni jepesi la melimeli nyeupe, ukanda kiunoni, kofia ya majani kichwani. Hana fremu, hana hariri, hana vito. Watu walikasirika. Walisema malkia wa Ufaransa amechorwa na shumizi, nguo ya kulalia. Walisema anawaua kwa njaa wafumaji wa Lyon ili kutajirisha nchi nyingine. Picha iliondolewa kwenye maonyesho, ikawekwa nyingine ambamo malkia ameshika waridi lilelile lakini amevaa hariri ya buluu, kama ilivyotakiwa. Ukifikiri vizuri, kosa lake lilikuwa kwamba alionekana kama mwanamke yeyote mwenye gauni safi, na Ufaransa nzima ilikuwa imejengwa juu ya imani kwamba yeye si mwanamke yeyote.

Mtindo ule wa melimeli ulihusishwa na wanawake wa Kizungu wa makoloni ya Karibi. Makoloni hayo ndiyo yaliyotoa pamba, na nili ya kutia makoti buluu, na sukari na kahawa za meza zile; na karibu wote waliolima walikuwa watumwa. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa ili auziwe watu 1,000 kila mwaka wapelekwe Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Meli za Kifaransa ziliwachukua pia watu wa Msumbiji mpaka Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Na huko Saint-Domingue, mwaka 1779, serikali ya kikoloni ilitoa kanuni ya kuwakataza watu huru wenye asili ya Kiafrika kuvaa na kusuka nywele kama Wazungu. Paris ilikuwa imeshaacha sheria za mavazi kwa miaka kama 60. Ilipofika kwa mtu mweusi aliyejikomboa, aliyefanya kazi na kununua koti zuri kwa fedha yake, sheria ikafufuliwa. Siwezi kusoma habari hizo nikaendelea kusifu nakshi za makoti kama vile hazina uhusiano na watu hao.

Niseme pia kuhusu poda, kwa ufupi. Nywele na mawigi vilipakwa poda nyeupe, na poda hiyo ilikuwa wanga wa ngano. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1775 bei ya mkate ilipanda, watu wakavamia masoko na maghala kuizunguka Paris, fujo zilizokuja kuitwa Vita vya Unga. Miaka hiyohiyo ndiyo nywele za mabibi zilipofikia urefu usiosemeka. Mtu mwenye njaa hakuhitaji mwanafalsafa wa kumweleza alichokiona kikipita ndani ya gari la farasi.

Halafu ikafika Mei 1789. Mfalme Louis wa Kumi na Sita, hazina ikiwa tupu, aliita Bunge la Matabaka, ambalo halikuwa limekutana tangu 1614. Mkuu wa itifaki, kabaila Dreux-Brézé, alituma maelekezo ya mavazi. Maaskofu zambarau, makadinali nyekundu. Makabaila: hariri nyeusi yenye mapambo ya kitambaa cha dhahabu, soksi nyeupe, lesi shingoni, kofia yenye manyoya. Wajumbe wa tabaka la tatu, yaani watu wengine wote wa Ufaransa: suti nyeusi ya sufu, soksi nyeusi, joho fupi, kitambaa cheupe cha melimeli shingoni, na kofia isiyo na manyoya, isiyo na kishikizo, isiyo na utepe. Hata kishikizo cha kofia kilikumbukwa. Wengi wa wajumbe hao walikuwa mawakili na maofisa waliozoea kuvaa vizuri tu. Wakaambiwa wavae kama makarani.

Nafikiri hili ndilo kosa kubwa la mavazi katika karne nzima. Kwa miaka mingi nguo zilikuwa zimechanganya watu, mtu akijitutumua anapita. Sasa ikulu yenyewe ikawapanga upya, safu moja inameta, safu nyingine nyeusi tii, ikawatembeza katika barabara za Versailles tarehe 4 Mei watu wote wakitazama. Watazamaji walipowaona wale weusi waliwashangilia. Dhahabu ilipopita walinyamaza. Hesabu ya macho ilikuwa rahisi mno: hawa mamia kwa mamia wasiong'aa ndio wanaowalisha wale. Count Mirabeau, kabaila aliyechaguliwa na tabaka la tatu, alitembea katikati ya weusi akiwa amevaa kama wao, na watu wakamwonyesha kwa vidole. Michel Gérard, mkulima kutoka Bretagne, alibaki na nguo zake za shambani.

Kesho yake, katika ufunguzi, mfalme alimaliza kuhutubia akavaa kofia yake. Makabaila wakavaa zao, kama desturi ilivyowaruhusu. Tabaka la tatu lilitakiwa libaki kichwa wazi. Baadhi ya wajumbe wakavaa zile kofia zao zisizo na kishikizo, minong'ono ikaanza, wengine wakifoka zivuliwe, wengine zibaki. Mfalme akaona njia moja tu ya kutoka: alivua yake, ikabidi wote wavue. Mwezi Oktoba mwaka huohuo bunge, ambalo sasa lilijiita la Taifa, lilifuta tofauti zote za mavazi kati ya wajumbe.

Yaliyofuata, yaani Mapinduzi ya Ufaransa, yanajulikana zaidi. Suruali ndefu ya kibarua ikashinda suruali fupi ya magotini, soksi za hariri zikawa hatari, na mtu akajichunguza mara mbili kabla ya kutoka nyumbani na poda kichwani, ingawa Robespierre mwenyewe, kiongozi wa Mapinduzi, hakuwahi kuacha poda yake wala suruali yake fupi. Kilichonigusa mimi ni tarehe moja, 29 Oktoba 1793. Siku hiyo bunge la Mapinduzi lilitoa amri kwamba hakuna mtu, mwanamume au mwanamke, atakayemlazimisha raia mwingine kuvaa namna fulani. Kila mmoja yuko huru kuvaa nguo anayoitaka. Baada ya karibu miaka 500 ya amri za wafalme, sheria ikasema hivyo waziwazi.

Lakini soma mpaka mwisho: nguo anayoitaka, ya jinsia yake. Amri ile ilizaliwa na ugomvi wa wanawake sokoni. Wanachama wa jumuiya ya wanawake wa kimapinduzi walikuwa wakitembea na kofia nyekundu za uhuru na kuwataka wenzao wavae vivyo hivyo. Wachuuzi wa sokoni wakakataa, wakapigana nao, wakaenda kushtaki bungeni kwamba kofia ile ni ya wanaume. Mwezi mmoja tu kabla yake, bunge hilohilo lilikuwa limewalazimisha wanawake wote kubandika ua la utepe wa rangi tatu, alama ya Mapinduzi. Tarehe 30 Oktoba, siku moja baada ya kutangaza uhuru wa mavazi, lilipiga marufuku vyama vyote vya siasa vya wanawake.

Mwaka 1800 mkuu wa polisi wa Paris aliongeza agizo lake: mwanamke anayetaka kuvaa kiume, suruali ikiwamo, aende kwanza kituoni kuomba kibali. Agizo hilo halikufutwa rasmi kwa zaidi ya karne mbili. Ni Januari 2013 ndipo waziri wa haki za wanawake wa Ufaransa alipotamka kwa maandishi kwamba halina tena nguvu yoyote ya kisheria.